Hewa Inayoyeyusha Mafuta

Ndaki alikuwa amenunua dhahabu Geita nusu ya umri wake, na kazi hiyo ilimfundisha kutoamini hata kivuli chake. Sasa alikuwa mbia wa Imran katika kinu cha mafuta ya pamba hapo Nyahanga. Mashine za kukamulia zilikuwa zimekufa. Akiukubali mtambo uliobuniwa na Gulnaz, binti wa Imran, kinu kingefufuka. Akiukataa, jengo lingeuzwa kwa mfanyabiashara wa Isaka, na jasho lote la Gulnaz lingekwenda na maji.

"Shikamoo, Mzee Ndaki."

"Marahaba. Nieleze huo muujiza taratibu, kama unayemweleza mwizi mwenzako."

Gulnaz alieleza. Kaboni dioksaidi, ile iliyomo kwenye soda, ikikandamizwa na kupashwa joto kupita kiwango fulani, huwa si gesi tena wala si kimiminika. Hupenya unga wa mbegu kama gesi, ikayeyusha mafuta kama petroli. Molekuli ndogo huyeyuka upesi; zile kubwa za mafuta, zenye minyororo mirefu ya kaboni, hazikubali mpaka shinikizo lipande sana. Likishuka, hudondoka chupani.

"Na hewa yenyewe?"

"Inarudi mtungini. Haiachi hata harufu."

"Mwizi hodari naye haachi harufu."

Machimboni, mnunuzi makini huanza kwa kuosha karai tupu, maana wapo wanaolipaka vumbi la dhahabu kabla ya kulitia mchanga. Ndaki akataka vivyo hivyo. "Washa mtambo bila mbegu."

Gulnaz akasita. Ndaki alikuona kusita huko, akakuweka akiba. Shinikizo lilipanda, valvu ikafunguliwa, na chupani yakadondoka mafuta ya rangi ya asali.

"Imran!" Ndaki alimwita mbia wake aliyesimama mlangoni. "Mwite mtu wako wa Isaka. Binti yako amepaka karai."

"Ningekuwa tapeli, Mzee, ningelisafisha bomba kabla hujafika," Gulnaz alisema. "Jana nilikamua. Shinikizo liliposhuka, molekuli nyingine ziliganda bombani kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyopoa. Leo limepanda, zimeyeyuka upya. Ningekwambia mapema, ungesema natunga udhuru. Mabaki yana mwisho. Washa mwenyewe mpaka yakome."

Ndaki akawasha mwenyewe, tena na tena. Matone yalipungua, yakawa ukungu kwenye kioo, kisha chupa mpya ikabaki kavu. Hapo Ndaki akatoa mfukoni unga wa mbegu aliousaga nyumbani kwake, akaumimina mtamboni bila kumruhusu mtu kuugusa. Mafuta yakaja.

Alichovya kidole, akanusa, akaonja. Alitafuta kasoro kwa bidii ya mtu aliyepoteza pete, asiipate. Na kutoipata kulimsumbua kuliko ambavyo kuipata kungemsumbua.

"Jengo haliuzwi," alimwambia Imran. "Lakini bintiyo atafanya kazi huku namtazama."

"Utachoka, Mzee," Gulnaz alisema.

"Geita sikuchoka."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya bomba.