Nimechanjwa Zamani

Mjukuu alizaliwa Masasi, na Bi Siti, bibi mzaa mama, alikuwa hajamgusa. Maryam, bintiye, alihangaika miaka tisa kumpata mtoto huyo. Sasa arobaini ilikuwa imebaki siku kumi na tano, siku ya kumtoa mtoto nje, na kwao anayemtoa ni bibi. Bibi mwenyewe amekaa Newala anahesabu vidole.

Kilichomzuia ni sukari. Daktari wa kliniki alimweleza bila kuzunguka: mgonjwa wa kisukari akipata korona inamwelemea kuliko wengine. Achanjwe kwanza, akae wiki mbili mwili ujenge kinga, ndipo apande basi aende kwenye shughuli ya watu. Maryam naye akakaza kwenye simu, "Mama, bila chanjo usije. Mtoto nimempata, sitaki nikupoteze wewe."

Basi Bi Siti akaenda kliniki. Mapokezi alikuwapo Khalidi, karani mgeni, macho yote kwenye daftari.

"Shikamoo bibi. Umeshachanjwa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimechanjwa zamani. Hata sikulia."

Alisema kweli tupu. Alichanjwa nembo, chale za Kimakonde, akiwa mwali, mistari mashavu yote mawili, na sasa imejificha chini ya barakoa.

"Ulivimba?"

"Nilivimba siku tatu, nikapona."

"Safi sana. Nenda kapumzike nyumbani, bibi."

Khalidi akatia tiki. Bi Siti akatoka mwepesi kama binti. Kumbe serikali inazitambua nembo! Jioni akampigia Maryam kumpa habari njema.

"Wamekuchoma bega gani, mama?"

"Bega la nini? Si nina nembo? Nimewaambia nimechanjwa zamani, wameridhika."

Maryam alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akaacha kucheka. "Mama, hii ni ya sindano. Na kesho ndiyo siku ya mwisho, ukichelewa wiki mbili hazitimii."

Kulipopambazuka Bi Siti alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki.

"Bibi, daftari linasema umechanjwa," Khalidi alisema.

"Daftari lako halijui kitu! Niangalie mimi." Akarudi nyuma hatua tatu, akashusha barakoa. "Chanjo yangu ndiyo hii!"

Muuguzi Agatha, Mmakonde wa palepale, akashika ukuta kwa kicheko. Benchi zima likaangua. Khalidi aliinua uso kwa mara ya kwanza, akatazama mistari ile, na kalamu ikamtoka mkononi.

"Nisamehe, bibi," alisema akijifuta machozi ya kicheko, akaifuta na tiki.

Agatha akamkalisha. "Umekula? Dawa za sukari umekunywa? Vizuri, wala usiziache. Mkono unaweza kuuma, na homa kidogo leo au kesho. Ikizidi siku mbili, rudi. Na barakoa uendelee kuvaa, hata ukishachanjwa."

Sindano ikaingia, ikatoka.

"Ndiyo hii tu?" Bi Siti aliuliza. "Wanaume wazima wanaikimbia hii?"

Siku ya arobaini ilimkuta Masasi. Alikaa dirishani safari nzima, barakoa usoni, akawaonya abiria wafungue vioo wapende wasipende. Mkwewe, Tahiri, alimpokea kwa heshima zote, macho chini, akamshikia birika anawe kwa sabuni hadi kwenye kiwiko. Kisha Maryam akamwekea mtoto mapajani.

Njia nzima alikuwa ameandaa dua na maneno matamu. Yote yakampotea. Alilia, akacheka, akalia tena, na Maryam akalia naye. Alipomtoa nje juani, akimkinga macho kwa kiganja, vigelegele vilijaa uani, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa chake.

Dada wa Tahiri akanyoosha mikono. "Mama, na mimi nimpokee."

"Umenawa?"

"Nimenawa."

Bi Siti akamvuta mtoto karibu zaidi. "Hata hivyo ngoja, mwanangu. Bado sijashiba."