Bado Nati Moja

Saa tano asubuhi Mzee Taratibu alikuwa chini ya gari lake, kando ya barabara mbele ya nyumba, mgongo kwenye gunia, anasukuma mkono wa ekseli kwa goti ili bolti liingie kwenye tundu. Halikuingia. Gari lenyewe limemzidi umri mwanawe wa kwanza, na huyo mwana ana mvi.

"Umefika wapi, baba watoto?" mkewe aliuliza barazani. Miguu ilikuwa imemvimba, kavaa viatu vya mumewe.

"Nimefika hapahapa nilipokuwa."

Huyu bibi, figo zilimgomea. Mara tatu kwa wiki apelekwe hospitali akaoshwe damu. Zamu ya juzi aliikosa, maana bushi za nyuma, ile mipira inayokaa ndani ya mikono ya ekseli, zilichanika na gari likalala njiani, likasukumwa hadi hapa nje. Leo wamempa saa nane. Akiikosa na hii, muuguzi kasema wazi, maji yatampanda kifuani.

Na zilichanika kwa nini? Kwa haraka. Mtu anaitwa Taratibu, siku moja tu aliharakisha, akakaza nati gari likiwa juu ya jeki. Bushi hukazwa gari limekanyaga chini, limebeba uzito wake. Ukikaza likining'inia, mpira unajinyonga, halafu unachanika kidogo kidogo. Fundi analijua hilo. Mume mwenye mgonjwa anasahau.

Bolti likakubali saa sita. Akarudisha springi, shokapu, magurudumu. Saa saba akashusha jeki.

"Njoo ukae nyuma, mama. Nataka uzito wa kukazia."

"Uzito! Na haya maji yote, utashindwa mwenyewe." Akacheka, akajikokota hadi kiti cha nyuma.

Mzee alikuwa ameanza nati ya kwanza lori la kuvuta magari likasimama. Akashuka afisa wa barabara na fomu zake.

"Mzee, toka huko. Hili limeandikwa chuma chakavu."

"Kaliandika nani, na mimi nalitengeneza?"

"Jana lilikuwa juu ya mawe."

"Leo limesimama kwa miguu yake. Inama uone."

"Mimi sikutumwa kuangalia gari. Nimetumwa na fomu."

Bibi akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, na mimi nimo kwenye fomu?"

Afisa akapekua kweli, karatasi ya mbele na ya nyuma. Halafu akaamuru mnyororo ufungwe. Ukafungwa.

"Tunataka hospitali tu, mwanangu," mzee akasema kutoka chini. "Saa nane. Tukirudi, lichukue."

"Litoke hapa limevutwa. Unatoka, hutoki?"

"Bado nati moja."

Spana ikalia, kri, kri, kri. Gari lenye mtu chini halivutwi, hata afisa alilijua hilo. Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Nati zote zilikuwa zimeshakazika, tena vizuri, kama inavyotakiwa. Mzee alikuwa anazungusha spana hewani.

Dereva wa lori aliwahi kuwa fundi. Alisikia kwamba spana haishiki kitu. Akamtazama afisa, akamtazama bibi, akazima injini.

Bibi alikuwa anahema kwa mdomo, macho kwenye saa ya mkononi ya afisa. Nane kasoro robo.

"Bado, baba watoto?"

"Bado moja, mama."

Kri, kri, kri.