Wote Wakaitikia

Ukiwa na kazi ya kuwaambia watu wafikirie kesho yao, Isiolo si mahali pabaya pa kuifanyia. Hapa kila mtu ana wasiwasi wake wa kesho na atakumwagia hata kama hujamuuliza. Lakini Lorna Akidor aliisomea kazi hiyo, tena Nairobi, na mtu aliyesomea jambo lazima awe na njia yake. Mashirika yalikuwa yanamwita, anawakalisha wakubwa wao chini, wanaitazama miaka kumi ijayo, wanaizungumza, wanaihoji. Mwezeshaji, ndivyo walivyomwita. Mama yake, Akaale, alishindwa kabisa kuwaeleza majirani wa Bulla Pesa binti yake anafanya kazi gani. Mwishowe akawa anasema anafundisha watu kuongea, na majirani wakacheka, wakauliza kwani huko Nairobi watu ni mabubu.

Akaale huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha maziwa kilichokuwa na ofisi ya mabati nyuma ya kanisa. Maziwa yalitoka kwa wafugaji wa Oldonyiro, yakachemshwa, yakauzwa mjini. Watu walimwita Mama Akidor, kama desturi ilivyo, mpaka wengine hawakujua kama ana jina lingine. Sasa mfadhili akasema anataka kuona mpango wa miaka kumi, na kikundi kikaona ya nini kutafuta mgeni na mtoto wa nyumbani yupo. Akidor akaja na kalamu zake za rangi na makaratasi makubwa. Alikuwa na hofu, na hakuificha kwa mama yake. Si mchezo kuwafundisha watu waliokubeba mgongoni.

Njia yake ilikuwa hivi. Hakuwaacha watu waseme "tutafanya" na "tutapata", maana alisema hayo ni maombi, si fikra. Aliwaambia wajione wamekwisha kufika mwaka ule, wasimulie kana kwamba wanakumbuka. Waseme wanachokiona, si wanachokitaka. Na mmoja akimaliza, mwingine amuulize swali moja: nani hayuko kwenye picha? Alisema swali hilo limeokoa mashirika mengi, kwa sababu wenye mipango mizuri huwa wamesahau mtu.

Mwisho wa kila simulizi aliweka kitu chake mwenyewe. Kule nyumbani, mzee wa Kiturkana akibariki watu, huwa hasemi peke yake. Anauliza, mvua iko? Wote wanajibu, iko. Anauliza, ubaya umeenda? Wote wanajibu, umeenda. Neno la mtu mmoja ni upepo tu. Kinacholisimamisha ni lile itikio la wengi. Akidor aliuchukua mtindo huo akautia kwenye warsha zake: msimulizi akimaliza, yeye anauliza, "Ilikuwa hivyo?" na wote wanajibu, "Ilikuwa hivyo." Nairobi walimpigia makofi kwa jambo hilo. Walisema anaheshimu utamaduni.

Basi akawagawa wanakikundi mafungu matatu, mama yake akabaki kusimamia chakula. Moja likabaki ofisini, la pili likaenda uani kwa kanisa, la tatu likapewa kibanda cha duka ng'ambo ya barabara, mahali ambapo huwezi kumsikia mwenzako hata akipiga kelele. Asubuhi ikapita. Waliporudi, Makandi, mwanamke wa Kimeru aliyekuwa katibu, akasimama kwa niaba ya fungu la kwanza. Alisimulia kiangazi kirefu, visima vimekauka, maziwa yanakuja kidogo kidogo kutoka Garbatulla. Akasema, kwa sauti ileile ya kusoma kumbukumbu za mkutano, kwamba mambo yalianza kuwa magumu tangu marehemu Mama Akidor alipowaacha.

Watu wakacheka. Akaale alicheka kuliko wote. Makandi akajishika mdomo, akasema pole, limetoka tu. Itikio likaitwa, wakaitikia.

Fungu la pili lilikuwa na habari nzuri. Maziwa yao yalikuwa yanapanda ndege, jamani, na kikundi kimejenga chumba cha baridi chenye jina la marehemu mwenyekiti ukutani. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Fungu la tatu liliona kikundi kimevunjika kwa ugomvi, kila mtu na ndoo yake, na msimulizi, Umulkheir, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba kama yule mama angekuwa hai, haya yasingetokea. Akidor akauliza ni nani aliyewapangia utani huu. Hakuna aliyepanga. Walitazamana kama watu waliokutwa na mbuzi wa jirani zizini, na hakuna anayejua mbuzi ameingiaje.

"Ilikuwa hivyo?" Akidor akauliza, kwa sababu ndiyo ilikuwa ratiba, na sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo.

"Ilikuwa hivyo," wakajibu wote. Na Akaale alikuwamo katika hao wote. Aliitikia mara zote tatu, kwa moyo mmoja, kwa sababu alitaka kazi ya mtoto wake ifaulu.

Lokuruka, dalali wa mbuzi aliyealikwa kama mzee wa mtaa, ndiye pekee aliyesimama. Mzee huyo alikuwa amesinzia nusu ya warsha na koti lake la kanisani begani, na wengi walidhani anataka kuuliza chakula kitatoka saa ngapi. Alisema maneno hayo hayawezi kuachwa humo ndani yalivyo. Watu watoke nje, waelekee machweo, yeye aulize kama ubaya umeenda, wamjibu umeenda, kisha ndiyo wale chakula. Akidor akamjibu kwa adabu, lakini akamjibu. Akasema shirika linalofukuza habari mbaya ndilo linalokufa. Kesho mbaya haifukuzwi, inatazamwa usoni. Alieleza vizuri mno, kila mtu akatikisa kichwa kukubali, na Lokuruka akakaa chini akisema basi, wasomi wamesema. Ole wake Akidor kwa ufasaha ule.

Mambo yalianza na chai. Asubuhi moja Umulkheir alimimina vikombe vya watu wote ofisini akaruka cha Akaale. Alipoambiwa, akaomba radhi mpaka basi. Kesho yake akaruka tena. Kisha Makandi akaanza kuwagawia watu kazi za mwenyekiti, nani ataenda benki, nani atapokea wafugaji, na mwenyekiti ameketi palepale, miguu imenyooshwa. Hakuwa na ubaya, maskini. Aliposhtuka alilia. Wafugaji wa Oldonyiro wakawa wanapitisha mitungi mbele ya Akaale wakimtafuta wa kuwapokea, naye amenyoosha mikono. Madereva wa bodaboda hawakusimama. Kanisani mchungaji aliiombea faraja familia ya Mama Akidor, na waumini wote wakasema amina, na mama wa watu amekaa mstari wa pili na kitambaa chake cha kijani.

Akaale hakuwa mtu wa kulalamika. Alimwambia binti yake jioni, akichambua maharagwe, kwamba leo ameongea na watu sokoni wakamtazama vile mtu anautazama mlango uliofunguliwa na upepo. Alisema pia kwamba haoni ugonjwa wowote mwilini, anakula vizuri. Akidor akamwambia watu wamechoka tu, hiki ni kiangazi. Hata yeye hakuyaamini maneno hayo, lakini yeye ni msomi, na msomi kwanza hutafuta sababu.

Siku hiyohiyo mwenzake wa Nairobi alimpigia simu, wakazungumza habari za kazi, halafu za chakula. Akidor akasema leo wanapika maharagwe na mahindi, akacheka, akasema, "Marehemu mama alikuwa anayapenda sana haya."

Akaale alikuwa hapo, mwiko mkononi. Alishusha sufuria, akaufunika moto wa jiko, akaingia chumbani kwake. Akidor alibaki na simu sikioni, na mwenzake anaita halo, halo. Hajawahi kujichukia vile maishani mwake.

Kulipokucha alimkuta Lokuruka kwenye soko la mifugo, ameshika beberu pembe, anabishana na mnunuzi. Alimweleza yote huku vumbi linawaingia machoni. Mzee hakumcheka wala hakumsimanga, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alisema siku ile ile ingewezekana kuyafukuza. Sasa yameitikiwa mara tatu, na mama yako mwenyewe ameyaitikia, yamekaa. Kilichobaki ni kuyafunika kwa neno jingine, lisimuliwe mbele ya watu walewale, waliitikie. "Lakini usidanganye, mama," akamwambia. "Uwongo watu watauitikia kwa mdomo tu, na mdomo hausimamishi kitu. Sema chenye unaona."

Akawaita wote tena. Walikuja, ofisi ikajaa, mabati yanapasuka kwa joto. Akaale aliketi karibu na mlango, na watu wawili walikaribia kumkalia. Akidor aliwaambia ukweli wa alichokuja kutafuta: miaka kumi ambayo ndani yake mama yake yuko hai. Makandi akajitolea wa kwanza kwa sababu dhamiri ilikuwa inamla. Alifumba macho, akaanza vizuri, kikundi kina gari lake, kina wateja mpaka Nanyuki, na mwenyekiti wao alikuwa... Hapo sauti ikakwama. Alikuwa. Alijaribu tena, na tena neno likageuka mdomoni. Umulkheir akajaribu. Wengine wakajaribu. Kila mmoja alifika kwa Akaale akateleza, na kila mmoja alifungua macho akiwa na machozi. Akaale akawaambia waache tu, wasijisumbue. Hakuna aliyegeuka.

Akidor akasimama katikati. Katika miaka yake yote ya kazi hiyo hakuwahi kusimulia yeye mwenyewe, maana kazi yake ni kuuliza. Alifumba macho akatazama. Mwanzoni aliona giza tu. Halafu akaona nyumba yao, ukuta umepakwa rangi mpya, na mlangoni ameketi mwanamke mwenye mvi, amekunja mguu mmoja vile mama yake anavyokunja. Akaanza kusimulia, na maneno yakaja bila kuteleza: Akaale anapokea maziwa, Akaale anamfokea dereva, Akaale ana goti linalomsumbua wakati wa baridi, Akaale anacheka na wageni mpaka anajifuta macho. Watu walianza kusogea mbele kwenye viti vyao. Walikuwa wanamwona. Mmoja alitabasamu kuelekea mlangoni, na Akaale, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alitabasamiwa.

Kisha Makandi, ambaye alifundishwa akafundishika, akauliza kwa upole, "Na nani hayuko kwenye picha?"

Akidor akatazama tena. Alitazama uani, jikoni, chumbani. Aliona picha zimetundikwa ukutani, za ndugu na za harusi, na akazipitia moja moja. Alisikia majirani wakimwita yule mwanamke mwenye mvi, wanamwita mwenyekiti, wanamwita Akaale. Hakuna aliyemwita mama wa mtu. Akatafuta hata kaburi, na kaburi pia hakuliona. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuongeza binti mmoja pale kwenye kizingiti, ana watoto na gari. Lakini aliwaona watu walivyokuwa wanamwamini, akajua wakinusa uwongo mmoja tu, basi mvi zile na goti lile vitapotea navyo.

"Mimi," akasema. "Mimi siko."

Akaale aliruka kutoka kitini. "Msiitikie," akasema. "Nawaomba, mtu asiitikie. Akidor, funga mdomo wako, mimi nimeshaishi."

Sasa walimsikia, wakageuka wote kumtazama, na hiyo pekee ilimwonyesha Akidor kwamba neno limeshika. Hakungoja. Aliuliza haraka, akimtazama mama yake, "Ilikuwa hivyo?"

Watu wamezoea, na kinywa kilichozoea hakingoji ruhusa. "Ilikuwa hivyo," wakasema wote, isipokuwa Akaale, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na kutikisa kichwa.

Kisha Umulkheir akachukua birika, na kikombe cha kwanza akampelekea Akaale kwa mikono yote miwili. Makandi akamletea mkoba wake, akamwambia kuna wafugaji wanamngoja nje, hawataki kuongea na mwingine. Mtu akasema utani, ofisi ikacheka. Akaale alikuwa amesimama, kikombe mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Wakamuuliza analia nini. Akafikiria, akasema hajui, labda ni joto la mabati.

Lokuruka alitoka nje bila kuaga mtu. Akidor alikusanya kalamu zake na makaratasi, polepole, na watu walimpisha njia kama unavyompisha mgeni ambaye kazi yake imekwisha. Alipofika mlangoni Akaale alimshika mkono, akamshukuru kwa warsha, akasema amewasaidia sana, mpango wa mfadhili sasa utaandikika. Hakuuachia mkono ule. Alimtazama usoni, akautazama tena, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alikuja kuchukua nini.

"Mwalimu," akasema, "wewe uko na mama?"

"Niko naye," Akidor akajibu.

"Basi msalimie," Akaale akasema. "Mwambie amezaa."