Kichwa na Mkia

Bwawa tulilichimba mimi na shemeji yangu Guofu, tukakubaliana kuvua samaki wakubwa tu, wenye mayai tuwaache. Ndilo lilikuwa tegemeo la uzee wangu. Nikaenda wiki moja kumuuguza binti yangu; kurudi, nikakuta tope tupu na pampu pembeni. Guofu alikuwa amelikausha bwawa, akauza samaki wote, hata wachanga.

Sikukuu ya mwaka mpya akanialika. Mezani palikuwa na samaki mmoja, tumbo limejaa mayai.

"Shemeji, usimmalize," akanionya. "Mila ya mwaka mpya ni tubakize kichwa na mkia, ili mwakani samaki wasitukaukie."

"Kumbe mila unazijua!"

Tulipomaliza kula, nikabeba sahani yenye kichwa na mkia hadi bwawani, nikavimwaga topeni.

"Haya Guofu, njoo uwaambie wazaane."