Mawe ya Juma la Kufunga

Ulimi wa Wariara ulinata kwenye jiwe. Akauvuta, ukabanduka kwa shida, na moyo ukaanza kumwenda mbio.

Kilikuwa kipande tu, baki la mawe aliyoichongea shule ya chekechea ya Kabazi, na sasa kilizuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Alikilamba kwa mazoea, mvua ikinguruma kwenye mabati. Akakitosa ndani ya karai la maji. Kikatoa mapovu, kikapasuka, na kabla chai haijachemka kilikuwa tope jeupe, punje za mchanga ziking'aa chini yake.

Jiwe la mchanga ni punje tu. Kinachozishika ndicho kinacholifanya jiwe. Pale machimboni, nyingi hushikwa na kitu chekundu kama kutu, na hizo hazijali mvua. Lakini katikati ya mwamba hupita mkanda ulioshikwa na udongo mtupu. Ukiwa mkavu huchongeka vizuri ajabu, na kwa vumbi la machimbo huwezi kuutofautisha kwa macho. Ukiulamba, unanata. Babake alimfundisha hivyo, na kwa miaka ishirini na sita hakutoa jiwe bila kulilamba, watu wacheke wasicheke.

Isipokuwa siku tatu za lile juma la kufunga. Kanisa zima lilifunga kuombea mvua, na Wariara, kwa ushika dini wake, hakutaka hata vumbi liguse mdomo. Sasa mvua ilikuwa imekuja, na mawe ya siku hizo tatu yalibeba tangi la lita elfu kumi, kando kabisa ya darasa la mjukuu wake Becky.

Alitoka mbio bila viatu hadi shuleni.

"Teacher Winrose, toa watoto!"

"Kwa hii mvua, mathe? Niwapeleke wapi?"

"Kanisani hapo. Yale mawe ya tangi ni mabaya."

Winrose alichungulia. Tangi lilikuwa limejaa pomoni, maji yakifurika na kuteremka juu ya mawe. "Mbona iko sawa tu?"

"Ni mimi nilichonga! Kama nadanganya, msinipe kazi tena Kabazi hii. Watoe!"

Watoto walivuka uwanja wakiwa wamejifunika sweta vichwani, wengine wakilia, wengine wakifurahia matope. Mlangoni mwa kanisa wote waligeuka kulitazama tangi.

Halikutikisika. Winrose alimtazama Wariara, akatazama watoto waliolowa. Wariara aliyakodolea mawe macho. Aliogopa tangi litaanguka, na Mungu amsamehe, aliogopa pia kwamba halitaanguka. Mvua ile ile aliyoifungia, sasa aliiomba ikome.

Becky alipenya katikati ya wenzake, akanyoosha kidole nje.

"Shosh, ona! Mawe yanatoa maziwa."

Wariara akaushika mkono ule mdogo, akaurudisha ndani.