Muujiza Alioukataa Seremala

Mdogo wangu ni seremala, na ni kiziwi tangu akiwa na miaka miwili. Mimi dada yake sina simile, na mdomo wangu haujui kupumzika, labda ndiyo maana kanisani walinipa kazi ya kutafsiri. Kila ibada nasimama mbele ya benchi la viziwi, watu kumi na mmoja, nikiyageuza mahubiri kuwa ishara za mikono.

Kwa miaka mitatu mdogo wangu aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kuongoza sala. Sala moja, kwa mikono yake, nami nimpe sauti. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alimjibu kila mara asubiri kwanza Mungu amfungue masikio, kwa sababu waumini wangejiuliza maombi ya mtu kama huyo yana nguvu gani. Mdogo wangu alikuwa anarudi karakanani na kupiga randa bila kula. Mimi nilikuwa natamani kumpasha yule mzee, ila nilijizuia kwa heshima ya mahali.

Jumapili ile alikuja mhubiri mgeni mwenye sifa ya kuponya. Hakuwa tapeli, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa jazba tu. Alimwita mdogo wangu jukwaani, akasimama nyuma yake, akaomba mpaka shati likalowa, kisha akapiga makofi huku akikanyaga mbao za jukwaa kwa kishindo. Mdogo wangu akageuka.

Kanisa zima lilisimama kwa vigelegele. Mwenyekiti alipiga magoti, machozi yanamtoka. Mimi nilijua papo hapo kilichotokea, kwa sababu hata nyumbani tukimwita tunakanyaga sakafu, naye anaihisi kwa nyayo. Akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikampa ishara ndogo kifuani, watu wasione: Nyamaza. Ukikubali, sala ni yako.

Alinikazia macho kama anavyoukagua ubao uliopinda. Kisha akainua mikono akasema yake.

"Anasemaje?" mhubiri akauliza, akanipa kipaza sauti.

Ningeweza kusema anashukuru. Watu mia nne wangerudi makwao na furaha, na mdogo wangu angeongoza sala akiwa amebeba uongo wangu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Anasema hajasikia kitu," nikasema. "Kishindo kimempanda miguuni. Anasema haumwi, na hakuja kuponywa. Kama angekuwa anangoja masikio ndipo aamini, angeshaacha kuja zamani. Amekuja kusali."

Mwenyekiti akainuka, akapanda jukwaani polepole, nami nikajiweka tayari kwa ugomvi. Hakunitazama kabisa. Alimwelekea mdogo wangu.

"Mwulize kwa nini hakunyamaza tu. Leo ningempa hiyo sala mwenyewe."

Nikamfasiria. Mdogo wangu akacheka, akajibu kwa ishara fupi.

"Anasema ingebidi aanze kwa kuomba msamaha."

Yule mzee alicheka huku bado analia. Akamshika bega, akamweka katikati ya jukwaa, kisha akashuka na kukaa kwenye benchi la viziwi. "Basi atuongoze," akasema.

Watu wakainamisha vichwa na kufumba macho, kama walivyozoea. Mdogo wangu akatikisa kichwa na kuniambia neno. Nikalitamka kwenye kipaza sauti: "Anasema fumbueni macho. Mkifumba, hamtamwona akisali."

Wakafumbua. Mia nne wote, watoto kwa wazee, waliinua nyuso na kuitazama ile mikono yenye makovu ya patasi ikiongea na Mungu taratibu, bila haraka yoyote. Nilikuwa nalia waziwazi, lakini sikuacha neno hata moja. Alipofika kwenye amina, mwenyekiti aliinua mikono yake mikubwa na kuiga ile ishara. Aliikosea. Jirani yake kiziwi akamshika vidole, akamwonyesha, naye akairudia.