Posa Kutoka Ng'ambo

Ndizi zilikuwa zimeiva zamani, lakini niliendelea kuchochea kuni. Mama akaniambia nikae. Nikakaa, nikainuka, nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa sebule, ambako baba alikuwa akizungumza na wageni waliovuka mpaka asubuhi ile kuja kuniposa.

Mposaji alikuwa Mugisha, kijana wa Uganda. Tulikutana sokoni Murongo, mpakani, nilikokuwa nikipeleka maharage ya kwetu Kihanga. Kiswahili chake alijifunza kwa madereva wa malori, nami nilimwambia kinasikika hivyohivyo. Tulipochoka kukiumiza, yeye aliongea Kinyankole, mimi Kinyambo, na tukaelewana bila shida. Hilo lingetosha kunishtua, ila nilikuwa nimependa.

Nyumbani vita vilikuwa juu ya neno moja: mgeni. Baba, mzee wa kanisa, alisema watu wa ng'ambo huoa wakatokomea na binti za watu. Nilimwomba, nikanuna, nikamkataa mwalimu Yusto wa Rubwera aliyekuwa na kila sifa isipokuwa ya kunifurahisha. Mwishowe baba alichoka, akasema waje.

Nilimfundisha Mugisha kila kitu: namna ya kuamkia, mahali pa kukaa, jinsi ya kupokea kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili. Lakini kwetu posa huanza kwa mgeni kutaja ukoo wake na muziro, yaani kile ambacho ukoo huo haukigusi wala kukila. Hilo sikumuuliza. Nilidhani koo zetu zinaishia kwenye mto wa mpakani.

Baba yake mdogo, Elick, alisimama akakohoa kwa majivuno.

"Sisi ni Bahinda," akasema. "Muziro wetu ni tumbili."

Na sisi ni Bahinda, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Sijawahi kumwona mtu yeyote akila tumbili, lakini siku ile tumbili alikula ndoa yangu.

Kisha nikamsikia baba akicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi hapa hakuna mgeni," akasema. "Mugisha, wewe ni mwanangu. Karibu nyumbani."

Wazee walikumbatiana, wakaanza kutafutana kwa majina ya mababu. Pombe iliyoletwa kwa ajili ya posa ikanywewa kwa ajili ya undugu. Niliichukia furaha ile kwa moyo wangu wote.

Nilimfuata Mugisha migombani, nikamwambia twende mjini Mbarara, kule Uganda, huko nani atatuuliza ukoo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, hilo nililijua. Sikujua lilikuwa na nguvu kiasi gani.

"Baba yako ameniita mwanangu," akasema. "Sijawahi kuitwa hivyo."

Kisha akarudi sebuleni kwa wazee.

Tangu hapo sikutulia. Nilihamia Rubwera nikafungua duka, nikalifunga, nikarudi Kihanga, nikaondoka tena. Popote nilipokuwa nilijiona kama niliyesahau kitu mahali pengine. Mugisha ndiye aliyekuwa nyumbani kwetu kuliko mimi. Kila Krismasi alivuka na zawadi, akapogoa mibuni ya baba, akakaa naye barazani wakiongea mambo ambayo baba hakuwahi kuongea nami.

Desemba iliyopita alikuja na msichana aitwaye Mackrine. Kwa desturi, dada wa mwanamume humtazama mchumba na kusema neno kabla ya wazee, na Mugisha hana dada mwingine. Nilikaa na Mackrine jikoni tukimenya ndizi. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono, na alinitazama kwa woga ulioniuma, maana alitaka sana nimpende. Nilitafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano. Nikaipata moja ndogo, ya kutosha kwa wazee kama wa kwetu kumkataa.

Tulipoingia sebuleni baba aliniuliza. Mugisha aliinamisha kichwa, akaitazama mikono yake.

"Anafaa," nikasema, nikamsogezea wifi yangu kiti.